Mama mkwe asema ninampikia mwanawe chakula cha wagonjwa

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 38, na ninaishi Ujiji pamoja na mume wangu na mama yake mzazi, ambaye tulimchukua kutoka Uvinza miaka minne iliyopita baada ya baba mkwe kufariki. Mume wangu ananunua dagaa na migebuka katika mwalo wa Kibirizi na kuwauzia wafanyabiashara wa mbali. Huondoka alfajiri, na chakula cha mchana hula hukohuko kwa mama lishe.

Miezi michache iliyopita alianza kulalamika kwamba kichwa kinamgonga kisogoni, nikamsihi hadi akakubali kwenda kupima. Presha yake ilikuwa 158 kwa 96. Aliambiwa arudi, akarudi mara mbili ndani ya wiki mbili, na kipimo cha juu hakikushuka chini ya 150, hivyo akaanzishiwa dawa ya kidonge kimoja kwa siku. Siku ya mwisho na mimi nilipima sukari kabla sijala chochote, nikaambiwa ni 6.4, kwamba hicho si kisukari lakini nimeshafika mpakani. Tuliambiwa sote wawili: "Punguzeni chumvi na sukari." Nilipouliza tupunguze kwa kiasi gani, aliyekuwa akituhudumia alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Shangazi, baba yangu alifariki kwa kiharusi, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na hofu. Kesho yake nilipika dagaa bila chumvi hata chembe, na chai nikaiandaa bila sukari. Mume wangu alikula matonge mawili akanawa. Mama mkwe aliagiza aletewe mkebe wa chumvi, akainyunyiza mbichi juu ya mchuzi hadi ikaonekana kwa macho. Siku ya tatu niliamua kumpikia mume wangu katika sufuria yake peke yake, naye akasema ninamtenga kana kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Ijumaa tulipata wageni, na mama mkwe akasema mbele yao kwamba mkwewe anampikia mwanawe chakula cha wagonjwa ili nyumba izoee msiba. Nililia jikoni. Siku ya tisa nilishindwa, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Sasa pakiti ya chumvi ya nusu kilo inaniishia kwa siku nane, na sukari ninanunua robo kila siku dukani kwa jirani, nayo inaisha kwa birika la asubuhi, birika la jioni na uji wa watoto. Tuko watu sita tu. Nikitaka kupunguza, mume wangu ananiambia kwamba dawa anayomeza inatosha, tena kazi yake ni ya jua kali na jasho, kwa hiyo mwili unahitaji chumvi. Mama mkwe anasema chumvi ya kwao Uvinza haina madhara kwa sababu inatoka ardhini, na jirani amenishauri nitumie asali au sukari guru badala ya sukari nyeupe.

Ninaomba uniambie kiasi hasa ninachopaswa kutumia, na namna ya kukifikia bila kuvunja nyumba yangu.

Mama wa Watatu, Ujiji

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa maneno uliyoambiwa mbele ya wageni.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipoandika kwamba siku ya tisa ulishindwa. Ulichokuwa ukikifanya kilikuwa sahihi, ila ulikifanya kwa mwendo ambao hakuna familia ingeuweza. Ulimi uliozoea chumvi nyingi kwa miaka arobaini haubadiliki kwa siku tisa. Watafiti waliowafuatilia watu waliopunguza chumvi wameona kwamba ladha huanza kubadilika baada ya wiki kadhaa, na kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu kutulia, na ikishatulia, chakula kile cha zamani ndicho kinachoonekana kimezidi chumvi. Wewe uliiondoa yote kwa siku moja, ukawapa watu chakula ambacho ndimi zao hazikukitambua, na kwa bahati mbaya ukarudi nyuma kabla ndimi hizo hazijapata muda wa kukuunga mkono.

Sufuria ya pili nayo ilikuwa kosa, ingawa uliipika kwa mapenzi. Mtu mzima aliyetoka kuambiwa kwamba ana presha tayari ana hofu moyoni, na anapowekewa chakula chake kando, hofu ile inageuka fedheha. Tena hakuna sababu ya kiafya ya kumtenga, kwa kuwa chumvi inayomdhuru yeye haiwafai watoto wala mama yake wala wewe. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na karibu watu tisa katika kila mia wana kisukari, wengi wao bila kujijua. Kwa hiyo ninalokuomba ni hili: pika sufuria moja kwa nyumba nzima, na chumvi ya sufuria hiyo ishuke polepole kiasi kwamba hakuna atakayeweza kutaja siku ilipopungua.

Uliuliza kiasi, na jibu lake umelibeba mwenyewe ndani ya barua yako. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500, nayo kwako inadumu siku nane. Hiyo ni kama gramu 62 kwa siku, na kwa watu sita ni zaidi kidogo ya gramu 10 kwa kila mmoja, kabla hatujahesabu chumvi anayokula mume wako kule mwaloni. Hesabu hii si kamili, maana chumvi nyingine humwagwa na maji ya kuchemshia, lakini kwa jiko la nyumbani inatosha kutuongoza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mtoto ale chini ya hapo kulingana na umri wake. Makadirio ya shirika hilohilo ni kwamba wastani wa dunia ni karibu gramu 11. Ninakuambia hivyo ili usijione kwamba jiko lako ni baya kuliko ya wengine. Mnakula kama dunia inavyokula, na dunia inakula maradufu.

Sasa chukua kikombe kidogo cha kahawa, vile vya sini ambavyo kila nyumba ya Ujiji inavyo, na kijiko kimoja cha chai ambacho hutakibadilisha. Kila asubuhi jaza kijiko chumvi, pitisha kisu juu yake ili kilima chote kianguke, kisha mimina ndani ya kikombe. Kijiko namna hiyo kina gramu 6 hivi. Kwa sasa nyumba yako inatumia kama vijiko kumi kwa siku bila kuvipima. Pakiti utakayofungua kesho, weka vijiko vinane kila siku, na pakiti itadumu siku kumi. Pakiti itakayofuata weka vijiko saba, itadumu siku 12. Ya tatu vijiko sita, itadumu siku 14. Ya nne vijiko vitano, nayo itafika siku ya 17 au hata zaidi, na hapo kila mtu nyumbani atakuwa amefikia karibu gramu 5. Ukijumlisha, safari nzima inachukua siku 53, karibu miezi miwili, muda ambao ulimi unauhitaji ili uanze kuzoea. Chumvi yote ya siku, iwe ya mboga, ya samaki, ya maandazi au ya kachumbari, itoke katika kikombe hicho, na kikombe kikiwa kitupu, siku hiyo chumvi imekwisha. Mkebe usiwekwe mkekani wakati wa kula.

Ninasisitiza kikombe kwa sababu mkono hauna kumbukumbu nzuri. Mpishi aliyezoea kutia chumvi kwa vidole vitatu hujiona amepunguza wakati vidole ni vilevile. Na ukinunua kwa pakiti, andika tarehe juu yake kwa kalamu siku unayoifungua. Tarehe ile ndiyo itakayokupa habari za kweli, wala hutahitaji kubishana na mtu.

Kuna chumvi nyingine ambayo haipiti katika mkebe wako. Vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu vinavyouzwa kila duka, mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi, kwa hiyo anayetia kidonge na kuongeza chumvi ametia chumvi mara mbili. Ningependa uviache kabisa, na katika jambo hili sina msimamo wa kati. Magadi unayotia kwenye maharage au kisamvu ili vilainike haraka nayo yana sodiamu, kitu kilekile kilichomo ndani ya chumvi na kinachopandisha presha. Maharage yaloweke usiku kucha, yatalainika bila magadi. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi mloweke, umwage maji, umloweke tena, kisha usitie chumvi nyingine. Dagaa wanaoanikwa juani bila chumvi ni baraka ya ziwa letu, na mume wako anawajua wauzaji. Amuulize kila anayemletea kama wametiwa chumvi au la.

Wali unaoliwa na mchuzi hauhitaji chumvi yake. Jaribu hilo kwanza kabla ya lolote, kwa kuwa ni badiliko ambalo watu wachache hulitambua. Ugali wetu wa muhogo kwa bahati nzuri haujawahi kutiwa chumvi, na bado mtu hujilamba vidole, kwa sababu mboga ndiyo inayobeba ladha.

Basi tuibebeshe mboga hiyo ladha. Ninapopika dagaa ninawaosha kwa maji ya vuguvugu hadi mchanga uishe, ninawakaanga kidogo wakauke, kisha ninawaweka kando. Kitunguu ninakiacha kwenye mafuta hadi kiwe cha kahawia hasa, maana utamu wake hutoka hapo, ndipo ninatia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, halafu nyanya nyingi zilizoiva, na ninazifunika hadi mafuta yaelee. Dagaa wanarudi, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Ninapoepua ndipo ninakamua ndimu, na baada ya ndimu ndipo ninatia chumvi. Chumvi iliyotiwa mwanzoni huzama ndani ya chakula, na mpishi akionja mwishoni huongeza nyingine. Ile iliyotiwa mwishoni hukutana na ulimi moja kwa moja, hivyo kidogo kinatosha. Tena yale madini joto yaliyomo ndani ya chumvi hupotea kwa moto wa muda mrefu, kwa hiyo kuitia mwishoni kunayaokoa.

Hapo ninafika kwenye hoja ya mama mkwe. Uvinza ni mahali pa heshima katika habari ya chumvi: chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi zimechemshwa na watu wa huko kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi yao ilisafiri mbali sana kabla hapajakuwa na reli. Ninaelewa kabisa kwa nini mama aliyekulia huko anaona kwamba kuinyima chumvi sufuria ni kumtukana yeye na kwao. Lakini chumvi ya Uvinza, ya bahari na ya mawe ni kitu kilekile mwilini. Sodiamu iliyomo huyashikilia maji ndani ya damu, damu inakuwa nyingi katika mishipa ileile, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na kuta za mishipa zinachoka mwaka hadi mwaka, hadi siku mshipa mmoja wa ubongo unapoziba au kupasuka. Hiyo ndiyo njia ya kiharusi, mwanangu, nawe umeshaiona kwa baba yako. Chumvi yoyote mtakayotumia, iwe ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, kwa sababu hayo ndiyo yanayozuia rovu, yaani uvimbe wa shingo, na kulinda akili za watoto wanaokua. Kiasi kidogo ninachokushauri kinatosha kuyapata. Chumvi mbadala yenye potasiamu usimpe mume wako kabla ya kumuuliza daktari, kwani mwenye tatizo la figo, au anayemeza baadhi ya dawa za presha, inaweza kumdhuru.

Kuhusu dawa, mwambie mume wako kwamba kidonge na sufuria vinafanya kazi pamoja. Mtu anayemeza dawa huku akila gramu 10 za chumvi anaijaza ndoo iliyotoboka chini. Dawa inatoa, chumvi inarudisha. Wala asije akaacha kidonge kwa kuwa chumvi imepungua na kipimo kimeshuka, maana huenda kimeshuka kwa sababu ya kidonge hichohicho. Anayepunguza au kubadilisha dawa ni daktari peke yake. Habari ya jasho ina ukweli ndani yake, kwamba jasho hutoa chumvi, lakini kwa mtu anayekula kiasi mnachokula ninyi, chakula cha kawaida kinarudisha kile kilichopotea na kubaki. Anachohitaji pale mwaloni ni maji ya kunywa. Siku ambazo anaweza, afungashe hotpoti kutoka nyumbani. Siku ambazo hawezi, amwombe mama lishe samaki wa kuchoma apakwe ndimu badala ya kusuguliwa chumvi, na mchuzi auchovye bila kuunywa. Mama lishe anayemfahamu mteja wake wa kila siku hatakataa.

Sasa sukari, ambayo ndiyo inayokuhusu wewe zaidi. Kipimo cha 6.4 kabla ya kula kiko katika eneo la tahadhari, kati ya 6.1 na 6.9, na kisukari huanza kutajwa kuanzia 7.0. Wengi waliofika hapo ulipo wamerudi nyuma kwa kubadilisha chakula, kupunguza uzito uliozidi na kutembea, kwa hiyo usikione kipimo hicho kama hukumu. Robo kwa siku ni gramu 250, na kwa watu sita ni zaidi ya gramu 40 kwa kila mmoja, karibu vijiko kumi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku, na kwamba ikishuka hadi gramu 25, yaani vijiko sita, ni bora zaidi. Watoto wanapaswa kula chini ya hapo. Katika hesabu hiyo imo pia soda, na chupa moja ya mililita 350 mara nyingi ina gramu 35 au zaidi, na imo juisi, na imo asali. Jirani yako ana nia njema, lakini asali na sukari guru zinafanya kazi ileile katika damu. Tunda zima halimo katika hesabu hiyo. Nanasi ulilolikata na kulitafuna ni jema. Nanasi lilelile likikamuliwa, likachujwa na kuongezwa sukari limekuwa kitu kingine.

Lengo lako liwe kwamba robo moja ikae siku mbili. Usilifikie kwa siku moja. Mimi mwenyewe nilikuwa ninakunywa chai ya vijiko vitatu vilivyojaa, asubuhi na jioni, na nilianza kwa kukisawazisha tu kijiko, bila kupunguza idadi. Baada ya wiki mbili nikatoa nusu kijiko, na baada ya wiki mbili nyingine nusu nyingine, na nilikuwa ninahisi upungufu kwa siku tatu au nne tu kila mara, kisha ninasahau. Ilinichukua miezi mitano kufika chai ya rangi yenye tangawizi na mchaichai bila sukari. Siku moja nyumba ya jirani walinikaribisha chai ya zamani, nikashindwa kuimaliza kikombe, na nilishangaa kwamba ndiyo niliyoinywa miaka yote ile.

Kwako wewe, sukari iendelee kutiwa ndani ya birika jikoni, wala usiwawekee bakuli la sukari mezani, kwa sababu barua yako inanionyesha nyumba ambayo kila aliyenyimwa alijihudumia mwenyewe. Punguza kijiko kimoja cha birika kila wiki, na uongeze tangawizi, mdalasini au iliki. Uji wa watoto upondee ndizi mbivu iliyoiva hasa, tia maziwa au karanga zilizosagwa, na sukari iliyobaki itakuwa kidogo sana bila wao kulalamika. Soda iwe ya sikukuu.

Ninawaambia na wasomaji wengine, maana barua hii itasomwa na wengi: anayemeza vidonge vya kisukari au kujidunga insulini asipunguze sukari na chakula ghafla bila kuongea na anayemtibu, kwa sababu sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Akitetemeka, akitokwa jasho jembamba na kuchanganyikiwa, apewe kitu cha sukari saa hiyohiyo.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa kuwa ndiye anayekuumiza, na pia kwa kuwa ndiye ninayemwonea huruma. Ulimi wa mtu mzee hupungua makali. Chakula ambacho wewe unakisikia kimekolea, yeye anakisikia kama maji. Kwa hiyo alipoomba mkebe hakuwa akikufanyia ukaidi tu, alikuwa kweli hasikii ladha. Wakati huohuo, mishipa ya mzee ndiyo inayoathirika na chumvi kwa haraka zaidi. Amepimwa presha lini? Hukusema, na ninahofia kwamba hajawahi kupimwa.

Maneno ya chumvi asiyasikie kutoka kwako kwanza. Mume wako ndiye mwanawe, na yeye ndiye anayepaswa kukaa naye jioni, peke yao, amwambie kwa kinywa chake kwamba anaumwa, kwamba amepimwa mara tatu, na kwamba yeye ndiye aliyemwomba mkewe apunguze chumvi. Mama akijua kwamba jambo hili limetoka kwa mwanawe, halitakuwa tena ugomvi wa mkwe na mkwe. Usimlazimishe akuombe radhi kwa yale ya Ijumaa. Mwache mwanawe amweleze kwamba maneno yale yalikuchoma.

Ndipo wewe umpelekee kile kikombe cha kahawa. Mkalie chini, umwamkie, umwambie: "Mama, ninyi mliokulia kwenye chumvi mnaijua thamani yake kuliko sisi, ninaomba wewe ndiye uwe unatupimia ya siku." Mpe kijiko na kisu cha kusawazishia. Ninaamini atakubali, na atakipima kwa ukali kuliko wewe, kwa sababu watu waliotoka kwenye kazi ya kuchemsha chumvi hawaimwagi hovyo. Muulize pia jinsi ilivyokuwa ikipimwa na kuuzwa utotoni mwake, umsikilize hadi amalize.

Siku mume wako atakayorudi kuchukua dawa zake, nendeni wote watatu. Mama apimwe presha, wewe urudie kipimo cha sukari kabla hujala, na mwombe mhudumu aandike vipimo vyote kwenye daftari moja mtakaloliweka nyumbani. Akimwita mtu mwingine kabla hujamaliza kuuliza, baki umekaa kwenye kiti hadi ujibiwe. Nami niandikie pakiti ya nne itakapokwisha, uniambie ilidumu siku ngapi.

Shangazi